Kioo cha Umeme Kikigoma: Tafuta Kosa Kabla Hujanunua Mota

Mota ya kwanza niliyoing'oa mlangoni mwa Mercedes yangu bado iko stoo, na ni nzima kabisa. Fundi mmoja hapa Dodoma aliweka sikio mlangoni, akabonyeza swichi mara mbili, akatoa hukumu.

"Mzee, hii mota imekwisha."

"Umeipima, kijana wangu?"

"Hizi hazipimwi, mzee. Hizi zinabadilishwa."

Nikanunua nyingine ya mtumba, nikalipa na ufundi. Kioo kikapanda vizuri siku mbili, ya tatu kikasimama katikati kama punda aliyechoka mzigo. Nilipokuja kupima mwenyewe nikakuta kosa liko sehemu mbili, na zote ziko mbali na mota: fyuzi iliyochakaa ncha na swichi iliyojaa vumbi. Kazi ya saa moja, na gharama yake ni kipande cha msasa.

Gari lenyewe ni W123, lililozinduliwa Ujerumani mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Mengi yalitoka na vioo vya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa vioo vya umeme mnunuzi alikuwa anaongezea pesa. Ila maelezo haya yatakufaa hata kama una Volvo 240, Toyota Crown au Toyota Mark II ya zamani, kwa sababu umeme unapita njia ile ile. Unatoka betri, unapita fyuzi, rilei (swichi inayowashwa na umeme) kama ipo, swichi, waya zinazokunjwa kwenye bawaba za mlango, unafika kwenye mota, halafu unarudi kwenye bodi kupitia ethi, yaani waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi. Magari mapya yenye kompyuta ndani ya mlango yana mambo yake, siyagusi hapa.

Na hapa kwetu kuna kitu cha ziada, vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hatuioni, upepo unavuma kutwa, na ukishaiacha lami ukaingia mitaa ya Nzuguni au Ihumwa unalivuta kwa pua na kwa milango. Linaingia ndani ya swichi, linakauka kwenye reli za kioo. Desemba mvua inaponyesha, vumbi lile lile linageuka tope chini ya mlango.

Vifaa

Mita ya kawaida ya kupimia volti. Bisibisi ya nyota na ya bapa. Msasa laini, namba 600 au 1000. Waya wenye fyuzi ya ampea 15 katikati. Tepe pana ya kuzuia kioo kisidondoke. Na taa ya kupimia ya kujitengenezea: balbu ya indiketa ya wati 21 uliyoiunga waya mbili ndefu.

Usiidharau hiyo balbu. Mita inatumia umeme mdogo mno, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba utakusomea volti 12 safi, nawe utaapa waya ni mzima. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea mbili. Waya mbovu ukiupa mzigo huo, balbu inafifia au haiwaki kabisa. Mita inaweza kukudanganya, balbu si rahisi.

Kwanza msikilize mgonjwa

Washa swichi ya funguo, taa ya ndani iwe inawaka, zima redio. Bonyeza swichi ya kioo huku ukiitazama ile taa.

Taa ikififia kidogo wakati kioo hakitembei, maana yake umeme unafika kwenye mota na unavutwa, ila kuna kitu kimekwama: reli kavu, mashine ya kioo (mkono unaokipandisha na kukishusha) iliyopinda, au mota yenyewe imeshikana. Taa isipotikisika, umeme umekatika mahali njiani. Jaribio hili la nusu dakika linagawa matatizo yote mafungu mawili, na sijui kwa nini mafundi wengi wanaliruka.

Halafu angalia tabia ya kioo. Vioo vyote vikifa kwa pamoja, usifungue mlango wowote. Tafuta vinapochangia: fyuzi, rilei, au ethi ya pamoja ya swichi. Ukisikia mota inazunguka na kioo kimetulia, hilo si la umeme. Meno au kebo ya mashine ya kioo imekwisha. Kioo kinachokubali mlango ukiwa wazi na kugoma ukiufunga kinakuambia waya imekatika kwenye bawaba. Na kile kinachogoma baada ya watoto kukichezea mara kumi, kisha kikapona baada ya dakika chache, huenda hakina ugonjwa. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme zikichemka.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu: kioo kinashuka lakini hakipandi. Hapo tulia ufikiri. Mota ya kioo ina waya mbili tu. Ili izunguke upande mwingine, swichi inageuza umeme: waya uliokuwa chanya unakuwa hasi, na wa hasi unakuwa chanya. Waya ni zile zile mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kwa hiyo kioo kikishuka kwa nguvu, tayari umeshapata ushahidi kwamba waya zote mbili zinapitisha umeme na mota inazunguka. Kilichobaki ni viguso (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) vya upande mmoja ndani ya swichi, au kioo ni kizito kupanda kwa sababu ya reli. Nimeona mtu akinunua mota kwa ugonjwa huu. Sicheki, maana na mimi nilinunua kwa ugonjwa mwepesi kuliko huo.

Hatua ya kwanza: betri na fyuzi

Pima betri gari likiwa limezimwa na limepumzika. Ikiwa imejaa, itasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, malizana na betri au alteneta kwanza, maana vioo ni wa kwanza kulalamika.

Sasa fyuzi. Kwenye W123 ziko chini ya boneti, na si zile bapa za plastiki tulizozizoea. Ni vijiti vya kauri vyenye ncha mbili kali na utepe wa chuma mgongoni: nyeupe ni ampea 8, nyekundu ni 16. Ubaya wa aina hii ni kwamba fyuzi inaweza kuwa nzima na bado isipitishe umeme wa kutosha, kwa sababu ncha zake zinashika kutu na vibanio vyake vinalegea. Izungushe kwa vidole mara tano sita. Kioo kikifufuka, umempata mwizi. Usiishie hapo. Itoe, futa vibanio kwa msasa, vibane kidogo viume, weka fyuzi mpya. Ukipata zenye utepe wa shaba chukua hizo, uache za alumini.

Ukikuta fyuzi imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, itoe leo hii. Nimeikuta kwenye magari mawili ya marafiki. Fyuzi iliungua kwa sababu fulani. Karatasi ile haiungui, kwa hiyo kitakachoungua siku hiyo ni waya ndani ya mlango, na wewe uko kwenye kiti.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, una shoti. Chomoa plagi za milango mmoja mmoja, ukiweka fyuzi kila mara, hadi ipone. Mlango uliouchomoa wa mwisho ndio wenye shida, na mara nyingi waya umechubuka ukagusa bodi pale unapoingilia mlangoni.

Rilei

Magari mengi yana rilei inayoruhusu vioo kufanya kazi funguo ikiwa imewashwa tu. Iguse kwa kidole, mwenzako awashe funguo, usikie mtikisiko wake. Kimya? Pima miguu namba 85 na 86, ambayo ndiyo ya kuiamsha. Ikitikisika na bado vioo havina umeme, pima mguu 30, umeme unapoingia, na mguu 87, unapotokea. Umeme ukiwa 30 na usiwe 87, viguso vya ndani vimeungua. Unaweza kuunganisha matundu ya 30 na 87 kwa ule waya wenye fyuzi ili kuthibitisha, lakini usiuache hapo ukaenda safari.

Hatua ya pili: swichi

Hapa ndipo ningetia dau langu kwenye gari lolote lililoishi kanda ya kati. Kwenye W123 swichi ziko katikati, jirani na gia, yaani pale pale chai na soda vinapomwagikia. Kwenye Toyota nyingi ziko mlangoni kwa dereva, mahali vumbi la dirisha wazi linapotua.

Itoe kwa bisibisi ya bapa uliyoifunga kitambaa ili usichubue plastiki. Kama swichi za vioo viwili zina plagi na miguu inayofanana, badilishana. Ugonjwa ukihama na swichi, umemaliza kutafuta. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Kuifungua, kaa juu ya meza yenye taulo jeupe. Ndani kuna springi ndogo na wakati mwingine gololi, zikiruka sakafuni hutaziona tena. Piga picha kila unapotoa kitu. Viguso vya shaba utavikuta vyeusi, na huo weusi ni masizi ya cheche za kila siku. Vikwangue taratibu kwa msasa laini mpaka ving'ae, futa kwa spiriti, acha vikauke, paka grisi kidogo sana kwenye sehemu zinazosuguana na si kwenye viguso. Kiguso kilicholika hadi kikawa na shimo hakifai kukwanguliwa. Hapo nunua swichi.

Milango ya nyuma ina mtego wake. Kioo cha nyuma kwa kawaida kina swichi mbili, ya dereva na ya abiria, na umeme wa moja mara nyingi unapita ndani ya nyingine. Swichi ya abiria wa nyuma ambayo haijaguswa miaka mitano inaweza kumnyima dereva huduma. Angalia pia kama kuna kitufe cha kuzuia watoto, na kama kimebonyezwa. Ndiyo, nimewahi kuitwa Kisasa jioni kwa ajili ya kitufe hicho.

Hatua ya tatu: plagi ya mota

Fungua paneli ya mlango. Skrubu zimejificha kwenye mshikio na nyuma ya vifuniko vidogo, kingo zimeshikwa na klipu. Klipu za plastiki za miaka arobaini huvunjika, tafuta chache za akiba kabla hujaanza. Nyuma yake kuna karatasi ya nailoni. Ibandue polepole, usiichane, utaihitaji.

Chomoa plagi ya mota. Weka balbu yako kati ya waya mbili za upande wa gari, mwenzako abonyeze kupanda, kisha kushuka.

Ikiwaka sawasawa pande zote mbili, umeme umefika. Kosa liko kwenye mota au mashine yake. Isipowaka, shika mguu mmoja wa balbu kwenye chuma safi cha bodi, mwingine uguse waya wa kwanza, kisha wa pili, huku mwenzako akibonyeza. Balbu ikiwaka kwa bodi na ikakataa kati ya waya mbili, umeme unakuja lakini hauna njia ya kurudi. Hilo ndilo kosa linalopotezea watu siku nzima, kwa sababu wanatafuta chanya tu. Kwenye magari haya mengi, swichi ikiwa imetulia, waya zote mbili za mota zimeungwa na bodi kupitia swichi hiyo hiyo. Ukibonyeza, mmoja unapata chanya, na mwenzake unabaki kwenye ethi. Ethi ya swichi ikilegea, mota haiendi popote.

Kwenye magari ya Kijerumani waya wa ethi kwa kawaida ni wa kahawia. Kwenye Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate mpaka ulipofungwa bolti, fungua, kwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, funga tena, paka grisi juu.

Hatua ya nne: bawaba

Waya zinazotoka kwenye bodi kwenda mlangoni zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Shaba inakatika ndani, ganda la nje linabaki zuri. Vuta raba inayozifunika, shika waya mmoja mmoja uuvute kidogo. Waya mzima unagoma, uliokatika unanyooka kama tambi.

Usiunge palepale panapokunjika. Risasi ya kulehemu inaufanya waya kuwa mgumu, nao utakatika tena pembeni ya kiungo. Chomoa hasi ya betri, kata mbali pande zote mbili, weka kipande kipya cha waya laini wa nyuzi nyingi, milimita 1.5 hadi 2.5 za mraba, viungo vikae ndani ya bodi na ndani ya mlango. Na ukikuta waya za alamu au redio zimeng'ang'anizwa hapo kwa kusokota na tepe, usiulize nani. Zing'oe uziunge upya.

Hatua ya tano: kupima kinachopotea

Kioo kinachopanda polepole ndicho hasa kilichoniuzia mota nisiyoihitaji. Rudisha plagi ya mota, pima huku kioo kikitembea. Kwangu betri ilisoma 12.2, na kwenye mota nikakuta 8.9. Volti 3.3 zimeliwa njiani. Zimeliwa na nani? Weka ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya wa mota unaopokea chanya, bonyeza: mita ikasoma 2.6. Halafu kutoka waya wa pili wa mota hadi hasi ya betri: 0.7. Jumla 3.3, hesabu imefunga.

Kwa hiyo mwizi mkubwa yuko upande wa chanya. Nikasogea hatua kwa hatua, kabla na baada ya fyuzi, kabla na baada ya swichi. Fyuzi ilikula volti moja na zaidi, swichi ikala karibu yote iliyobaki. Kila upande ukipoteza zaidi ya nusu volti hivi, mimi huanza kuutilia shaka.

Mota na mashine yake

Ukifika hapa umeme ukiwa mzuri na kioo kimelala, ipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka betri kupitia ule waya wenye fyuzi, sekunde moja moja. Geuza waya, iende upande mwingine. Ondoa vidole mlangoni na uwaondoe watoto karibu. Kioo cha gari la zamani kikikuta kidole hakirudi chini.

Isipozunguka, igonge kwa mpini wa bisibisi huku ina umeme. Ikishtuka ikazunguka, brashi zake za kaboni zimeisha, na fundi wa kusuka mota anaweza kukuwekea nyingine. Ikizunguka vizuri bila kioo lakini ikalemewa na kioo, shida ni reli: zisafishe vumbi kwa brashi na maji, zikauke, pulizia silikoni. Usipake oili. Oili na vumbi la Dodoma vikikutana vinatengeneza msasa.

Onyo moja ninalolisisitiza. Kabla ya kufungua mota kutoka kwenye mashine ya kioo, funga kioo kwa tepe kikiwa juu, na uangalie kama mashine ina springi iliyojiviringisha. Springi hiyo imekazwa kubeba uzito wa kioo. Ukitoa mota bila kuuzuia mkono wa mashine kwa bolti au kwa kibano, unaruka na meno yake yanaweza kukuvunja vidole.

Kioo kikikugomea barabarani

Uko Mtera, kioo kiko chini, wingu limetanda. Mwenzako abonyeze swichi, wewe kibane kioo kwa viganja viwili, ndani na nje, ukivute juu. Mara nyingi mota dhaifu ikisaidiwa inafika. Ikishindikana, fungua paneli, chomoa plagi ya mota, uipe umeme wa betri kwa ule waya wenye fyuzi na waya wa pili wa kurudishia. Kioo kikifika juu, chomoa na usikiguse hadi nyumbani.

Kurudisha mlango

Irudishe ile nailoni na uizibe kingo zote. Iliyochanika, kata mpya kutoka karatasi nene ya ujenzi. Kazi yake ni kuyaelekeza chini maji ya mvua yanayopita pembeni ya kioo, yasirukie plagi. Plagi ielekee chini, waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili tone lidondokee pale. Kisha lala chini, tafuta matundu kwenye ukingo wa chini wa mlango, yachokonoe kwa waya hadi vumbi lililoganda limwagike, halafu mimina kikombe cha maji kwenye mfereji wa kioo. Yasipotokea chini ndani ya dakika moja, endelea kuchokonoa.